Magonjwa Sugu ya Kuziba kwa Njia za Hewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Uuguzi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi walioanza, au wanaokaribia kuanza, mafunzo kwa vitendo wodini. Maswali ni yale yanayojirudia kila muhula, na yamepangwa kwa namna ambayo mwanafunzi hukutana nayo: kwanza darasani, kisha kando ya kitanda cha mgonjwa.

Magonjwa haya ni yapi, na kwa nini yanawekwa katika kundi moja?

Ni magonjwa ya mapafu ya muda mrefu ambamo njia za hewa zimesinyaa au zimeharibika kiasi kwamba hewa haiwezi kutoka kifuani kwa kasi ya kawaida, na hali hiyo hairejei kikamilifu hata mgonjwa akipewa dawa ya kufungua kifua. Katika mafaili ya hospitali nyingi utaona yameandikwa kwa kifupi COPD, na chini ya jina hilo kuna hali mbili ambazo mara nyingi humpata mgonjwa mmoja kwa pamoja, yaani bronkaitisi sugu na emfisema. Pumu nayo huziba njia za hewa, lakini kuziba kwake hubadilika siku hadi siku, na kwa wagonjwa wengi huondoka kabisa wakitibiwa vizuri, ndiyo maana hufundishwa kando.

Uzito wa tatizo si wa kubeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5, ambao ni takribani asilimia 5 ya vifo vyote duniani, na kuufanya kuwa chanzo cha nne cha vifo. Kwa wale waliofariki kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Bronkaitisi sugu na emfisema zinatofautianaje?

Bronkaitisi sugu hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa: kikohozi chenye makohozi kwa muda usiopungua miezi 3 kwa mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, pasipo ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo. Ndani ya mapafu, tezi zinazotengeneza ute huwa zimevimba na kuongezeka, vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni vimeharibika, na kuta za njia za hewa zimenenepa.

Emfisema hutambuliwa kwa umbile la mapafu yenyewe. Kuta za vifuko vya hewa huliwa na vimeng'enya vinavyotolewa na chembechembe za kinga zilizochokozwa na moshi, vifuko vidogo vingi vinaungana kuwa vichache vikubwa, na eneo la kubadilishana hewa linapungua. Pamoja na hilo, pafu hupoteza uwezo wake wa kujirudi, likawa kama lastiki iliyochoka.

Vitabu vya zamani vilizoea kuwagawa wagonjwa katika makundi mawili, mnene mwenye rangi ya buluu na mwembamba mwenye kutweta. Mgawanyo huo husaidia kukumbuka siku ya mtihani, ila wodini usiutegemee, kwa kuwa wagonjwa wengi wana dalili za pande zote mbili.

Kwa nini inasemwa kwamba tatizo liko katika kutoa pumzi kuliko kuivuta?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwanafunzi alielewe kabla ya kukariri jina la dawa yoyote, kwa sababu karibu kila unachomfanyia mgonjwa huyu kinatokana na jibu lake.

Unapovuta pumzi, kifua hupanuka na njia za hewa huvutwa zikafunguka, hata zile zilizosinyaa. Unapotoa pumzi, mambo hugeuka: njia za hewa hubanwa, na kwa mgonjwa wa emfisema zile nyuzi ambazo zingezishikilia zisifunge zimekwisha kuharibika. Njia hufunga kabla hewa haijatoka yote. Kiasi fulani kinabaki kifuani, pumzi inayofuata inaingia juu ya hewa ile iliyonaswa, na taratibu kifua kinajaa. Kiwambo cha kifua, ambacho kwa kawaida huwa na umbo la kuba, husukumwa chini kikalala bapa, na msuli uliolala bapa hauna nguvu ya kuvuta. Ndipo mgonjwa anapoanza kutumia misuli ya shingo na mabega, na baada ya miaka kifua chake huchukua umbo la pipa.

Sasa jiulize kinachotokea mgonjwa huyo anapopanda ngazi au anaposhikwa na hofu. Anapumua haraka, muda wa kutoa hewa unakuwa mfupi zaidi, hewa inayonaswa inaongezeka, na anazidi kukosa pumzi. Ndiyo maana tunamfundisha kutoa pumzi polepole kupitia midomo aliyoibana kidogo, kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kuvuta. Shinikizo dogo linalobaki ndani huzuia njia zisifunge mapema, na hewa iliyonaswa hupata kutoka.

Je, wanaougua ni wavuta sigara pekee?

Hapana, na mwanafunzi anayedhani hivyo atawakosa wagonjwa wengi. Katika nchi tajiri uvutaji wa tumbaku huchangia zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa, lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati mchango wake ni kati ya asilimia 30 na 40. Sehemu kubwa ya waliobaki hutokana na moshi wa majumbani: kuni, mkaa, mabua na kinyesi cha ng'ombe, vinavyochomwa katika jiko lisilo na dirisha wala bomba la kutolea moshi. Mama aliyepikia kwenye mafiga tangu utotoni, mtoto mgongoni, anaweza kufika kliniki akiwa na mapafu yaliyochakaa ingawa hajawahi kugusa sigara.

Visababishi vingine ni vumbi la kazini, kwa mfano katika migodi, viwanda vya katani na viwanda vya kukoboa nafaka. Wapo walioachiwa makovu na kifua kikuu cha zamani, waliougua kifua mara kwa mara utotoni, na waliozaliwa wakiwa na uzito mdogo. Wachache wana upungufu wa kurithi wa protini iitwayo alfa-1 antitripsini, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na Laurell na Eriksson nchini Sweden mwaka 1963. Fikiria uwezekano huo unapomwona kijana mwenye emfisema kali, hasa kama ini lake nalo lina hitilafu.

Kwa sababu hiyo, unapochukua historia usiishie kwenye "Unavuta sigara?" Uliza: "Mama, nyumbani mnapikia nini, na jiko liko ndani au nje? Umepika hivyo tangu lini?" Uliza kazi zote alizowahi kufanya. Uliza kama amewahi kumeza dawa za kifua kikuu.

Nitautofautishaje na pumu?

Pumu mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, na huambatana na mzio wa pua, ngozi au macho, wakati mwingine katika familia nzima. COPD huanza kimyakimya, kwa kawaida baada ya miaka 40, na kukosa pumzi huongezeka mwaka hadi mwaka. Mgonjwa wa pumu anaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili yoyote, wakati wa COPD hukuambia kwamba zamani alikuwa anafika sokoni bila kupumzika, kisha akawa anapumzika mara moja, na sasa hatoki tena.

Kadi nyingi zinazoletwa kliniki zimeandikwa pumu kwa sababu mgonjwa alifika mara ya kwanza kifua kikipiga mluzi na hapakuwa na kipimo. Usiichukulie kadi kuwa neno la mwisho. Wapo pia wenye dalili za magonjwa yote mawili, na hao wanahitaji dawa ya steroidi ya kuvuta, tofauti na wagonjwa wengi wa COPD.

Na nitautofautishaje na kifua kikuu au ugonjwa wa moyo?

Katika mazingira yetu, kila mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, hata kama tayari anajulikana kuwa na COPD. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na kukohoa damu ni dalili za kutopuuzwa. Moyo ulioshindwa huleta kukosa pumzi kunakozidi mtu akilala chali, pamoja na kuvimba miguu. Hata hivyo COPD iliyokomaa nayo huuchosha moyo wa upande wa kulia na kuvimbisha miguu, kwa hiyo miguu iliyovimba peke yake haitoshi kukata shauri. Vidole vilivyovimba ncha kama rungu si dalili ya COPD. Ukiviona, mtaarifu daktari, kwa sababu huenda kuna saratani ya mapafu au bronkiektasia, yaani njia za hewa zilizotanuka na kuharibika.

Ugonjwa huthibitishwaje?

Huthibitishwa kwa spirometri. Mgonjwa huvuta hewa hadi mwisho, kisha huipuliza yote kwa nguvu ndani ya spiromita. Mashine hupima hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, yaani FEV1, na jumla ya hewa yote iliyotoka, yaani FVC. Kisha mgonjwa hupewa mikrogramu 400 za salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, na baada ya dakika 10 hadi 15 hupimwa tena. Iwapo FEV1 ikigawanywa kwa FVC bado iko chini ya 0.70, kuziba kwa njia za hewa kumethibitishwa.

Ukali wake hupangwa kwa kulinganisha FEV1 ya mgonjwa na ile inayotarajiwa kwa mtu wa umri, jinsia na kimo chake: asilimia 80 na kuendelea ni hafifu, 50 hadi 79 ni wastani, 30 hadi 49 ni kali, na chini ya 30 ni kali sana. Namba hizo zisikufanye usahau kumuuliza mgonjwa anaishije. Kipimo cha mMRC, chenye ngazi 0 hadi 4, hufanya kazi hiyo kwa maneno ya kawaida, kuanzia anayekosa pumzi kwa kazi nzito tu hadi asiyeweza kutoka nyumbani au anayetweta akivaa nguo.

Vituo vingi vya afya havina spiromita. Hapo kazi ya muuguzi ni kuchukua historia iliyo kamili, kuiandika na kumpa mgonjwa rufaa kwenda penye kipimo.

Nianze na nini ninapomkuta mgonjwa amebanwa?

Anza kwa kumtazama kabla ya kumgusa. Amekaaje? Mgonjwa aliyebanwa sana huketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, viganja vimekandamiza magoti au godoro, mabega yamepanda masikioni. Usimlaze. Mkao ule unaipa misuli ya shingo na kifua mahali pa kujishikilia, na ukimlaza chali unamnyang'anya msaada pekee aliokuwa nao. Mwekee meza ya kitanda na mto juu yake ili aegemeze mikono.

Sikiliza anavyozungumza: je, anamaliza sentensi, au anakatisha kila baada ya neno moja au mawili? Hesabu pumzi kwa dakika nzima, si sekunde 15 kisha ukazidisha. Kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, weupe au ubuluu utafute kwenye ulimi, ufizi na utando wa ndani wa macho, wala si kwenye ngozi ya mkono. Sikiliza kifua pande zote, na tambua kwamba kifua kilichonyamaza kwa mgonjwa anayehangaika ni hatari kuliko kifua kinachopiga mluzi, kwa sababu hewa imekaribia kutopita kabisa.

Kisha tafuta dalili za kaboni dayoksaidi iliyorundikana: kuumwa kichwa hasa asubuhi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, viganja vya moto, mapigo yenye nguvu, na mikono inayopigapiga anapoambiwa ainyooshe na kukunja viganja kuelekea nyuma. Mgonjwa aliyekuwa akihangaika saa sita usiku, na saa nane ukamkuta ametulia na kusinzia, huenda hajapata nafuu hata kidogo. Mwamshe, mpime, mwite daktari wa zamu.

Ni kweli kwamba oksijeni ni hatari kwa mgonjwa huyu?

Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina dozi. Kumnyima mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu ukosefu wa oksijeni huua kwa dakika. Lakini kumfungulia silinda hadi mwisho nako kunaweza kumuua, kwa saa.

Kuna sababu tatu. Kwanza, katika sehemu za pafu zisizopata hewa vizuri mishipa ya damu hujibana yenyewe, ili damu ielekezwe penye hewa. Oksijeni nyingi huifungua, damu ikapita mahali ambapo kaboni dayoksaidi haiwezi kutolewa. Pili, hemoglobini iliyojaa oksijeni hupunguza uwezo wake wa kubeba kaboni dayoksaidi, ambayo humwagwa ndani ya damu. Tatu, msukumo wa kupumua hupungua kwa kiasi fulani. Wanafunzi wengi hufundishwa hii ya tatu peke yake, ilhali mbili za kwanza ndizo zenye uzito zaidi.

Lengo ni kiwango cha oksijeni katika damu cha asilimia 88 hadi 92. Anza na mrija wa puani kwa lita 1 hadi 2 kwa dakika, au barakoa ya Venturi, ambayo hutoa oksijeni kwa asilimia maalumu, ya asilimia 24 au 28 kama ipo, kisha pima na urekebishe. Utafiti uliofanywa Tasmania, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwalinganisha wagonjwa waliopewa oksijeni nyingi kwenye gari la wagonjwa na waliopewa ya kupimwa kwa lengo hilo. Waliofariki walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 4 katika la pili. Tofauti hiyo ilitokana na namna ya kuzungusha kitufe kimoja, kazi ambayo mara nyingi iko mikononi mwa muuguzi.

Mambo mawili husahaulika. Ukimkuta mgonjwa amepewa oksijeni nyingi na anasinzia, usiiondoe ghafla, kwa maana oksijeni katika damu itaporomoka chini kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ishushe hatua kwa hatua huku ukipima na huku daktari ameitwa. Na lengo liandikwe kwenye chati, ili muuguzi wa zamu ya usiku akiona asilimia 90 asidhani ni upungufu na kuongeza.

Oksimita ya kidoleni inaaminika kiasi gani?

Kifaa hiki, kinachosoma kiwango cha oksijeni katika damu kupitia ngozi, kinasaidia sana, lakini kina mipaka ambayo inatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao oksimita ilisoma asilimia 92 hadi 96. Damu yao ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa wagonjwa Weupe. Yaani kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kutupa matumaini yasiyokuwepo. Iwapo namba ni nzuri na mgonjwa anahangaika, mwamini mgonjwa.

Rangi ya kucha na hina nyeusi ya vidoleni, ambayo wanawake wa mwambao hupakwa kwa harusi na sikukuu, huweza kuvuruga kipimo. Hamia kidole kisichopakwa au ncha ya sikio. Vidole baridi navyo husumbua, kwa hiyo vipashe moto kwanza. Mgonjwa aliyelala na jiko la mkaa chumbani anaweza kusoma asilimia 98 ilhali damu yake imejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu kifaa hakitofautishi. Katika nyanda za juu, kama Eldoret iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hata mtu mwenye afya husoma chini kidogo ya mtu wa Mombasa.

Dawa zinazotumika ni zipi?

Za msingi ni za kufungua njia za hewa kwa kuvuta. Salbutamoli hufanya kazi ndani ya dakika chache na hudumu saa 4 hadi 6. Huleta mtetemo wa mikono na mapigo ya haraka, na ikitumika sana hushusha potasiamu. Ipratropiumu hufungua kwa njia nyingine, ndiyo maana huunganishwa na salbutamoli mgonjwa anapozidiwa. Huleta ukavu wa kinywa, na ikiingia machoni humdhuru mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa shinikizo la jicho. Zipo za muda mrefu, kama tiotropiumu ya mara moja kwa siku, ambazo ndizo tiba inayopendekezwa kwa matumizi ya kila siku, ingawa bei na upatikanaji ni kikwazo kwa wengi.

Steroidi za kuvuta si za kila mgonjwa wa COPD. Huwafaa wanaozidiwa mara kwa mara na wenye dalili za pumu pamoja, lakini huongeza uwezekano wa nimonia na utando mweupe kinywani, kwa hiyo mgonjwa asukutue na kutema kila anapomaliza.

Aminofilini na theofilini, dawa za zamani za kufungua kifua, bado zinaonekana kwenye makabati ya dawa kwa sababu bei yake ni nafuu. Dozi inayotibu iko karibu mno na inayodhuru: kichefuchefu, mapigo yasiyo na mpangilio, degedege. Siprofloksasini na erithromaisini hupandisha kiwango chake, rifampisini hukishusha, na mgonjwa anayeacha sigara kiwango chake hupanda hata kama hajabadili dozi. Ukiona mgonjwa wa theofilini ameandikiwa mojawapo ya dawa hizo, uliza kabla ya kutoa.

Kuna tahadhari gani kwa mgonjwa anayetumia dawa za VVU?

Ritonaviri, mojawapo ya dawa hizo, huzuia ini lisivunje steroidi za kuvuta kama flutikasoni na budesonidi. Steroidi hizo, ingawa zimevutwa tu, hurundikana mwilini na kuleta uso wa mviringo, sukari kupanda na tezi za adrenali kulala. Beklometasoni, steroidi nyingine ya kuvuta, ni salama zaidi kwa mgonjwa huyo. Ni kosa rahisi kutokea, kwa kuwa kliniki mbili huandika dawa bila kuonana, na muuguzi ndiye anayeziona kadi zote mbili.

Nimfundisheje mgonjwa kutumia inhela?

Usimuulize kama anajua. Atasema ndiyo. Mpe inhela mkononi na umwambie: "Shikamoo mzee. Naomba unioneshe unavyoivuta dawa yako nyumbani." Kisha nyamaza utazame. Utaona anayebonyeza kabla ya kuvuta, anayevuta kupitia pua, anayesahau kutoa kifuniko, na anayepuliza badala ya kuvuta.

Hatua zenyewe ni hizi. Aitikise. Akae wima na kutoa pumzi hadi mwisho, mbali na kifaa. Aibane kwa midomo, aanze kuvuta polepole kwa kinywa, na anapoanza tu abonyeze mara moja, aendelee kuvuta hadi kifua kijae. Ashikilie pumzi kwa sekunde 10, au kadiri awezavyo. Asubiri kiasi cha nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kurudia. Kosa la kuvuta kwa haraka ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu dawa hugonga nyuma ya koo na kumezwa.

Kwa wazee na kwa aliyebanwa, spesa, yaani chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela, huondoa shida ya kuoanisha kidole na pumzi. Isipokuwepo, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 yenye tundu lililokatwa kulingana na mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni hutosha. Watafiti wa Cape Town walionesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu iliyowazidi, kwamba chupa ya namna hiyo ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Inhela za unga huvutwa kinyume chake, yaani kwa nguvu na haraka, na hazitikiswi. Mgonjwa mwenye aina zote mbili hufundishwa kila moja kwa wakati wake. Mrejee kila anapokuja kliniki, kwa kuwa mafunzo haya husahaulika.

Mgonjwa akizidiwa hufanyiwa nini?

Kuzidiwa hutambuliwa kwa mambo matatu: kukosa pumzi kuliko kawaida yake, makohozi kuongezeka, na makohozi kubadilika kuwa na usaha. Chanzo mara nyingi ni maambukizi ya virusi au bakteria, au moshi na hewa chafu.

Hupewa salbutamoli na ipratropiumu kwa nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, au kwa spesa, na prednisoloni, steroidi ya kumeza, ya miligramu 40 kila siku kwa siku 5. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2013 ulionesha kuwa siku hizo 5 zinatosha sawa na 14. Antibayotiki hutolewa ikiwa makohozi yana usaha pamoja na angalau dalili nyingine moja. Nebulaiza iendeshwe kwa hewa ya kawaida. Kama chanzo pekee ni oksijeni, isizidi dakika 6 kwa mara moja, kisha mrudishe kwenye kiwango chake. Ikiwa damu imekuwa na asidi, pH chini ya 7.35 na kaboni dayoksaidi juu ya milimita 45 za zebaki, anahitaji mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, kwa hiyo hospitali isiyo nayo ipange rufaa mapema badala ya kungoja apoteze fahamu.

Anayefunga Ramadhani atatumiaje dawa?

Wagonjwa wengi wa mwambao na Zanzibar huacha inhela mchana bila kumwambia mtu, na baadhi huletwa usiku wamezidiwa. Zungumza naye kabla ya mwezi kuandama. Dawa za muda mrefu zinaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Kuhusu inhela ya dharura mchana, wanazuoni wana maoni tofauti, hivyo mshauri amuulize imamu wake, huku ukimweleza wazi kwamba akibanwa asisubiri magharibi, na kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Nimshauri nini kuhusu sigara, moshi wa jikoni, chakula na mazoezi?

Kuacha sigara ndiko kunakopunguza kasi ya mapafu kuharibika, katika hatua yoyote ya ugonjwa. Usimkaripie. Muulize kila mara, mpe sababu inayomhusu, panga naye tarehe, na muunganishe na dawa za kusaidia kuacha pale zinapopatikana.

Kuhusu moshi, shauri linalowezekana lina thamani kuliko shauri zuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, lakini mama aliye mbele yako anapika leo jioni. Ongea naye kuhusu kuhamishia jiko nje au kufungua dirisha, kukausha kuni, kuloweka maharage usiku ili yaive upesi, na nani mwingine nyumbani anaweza kukaa motoni kwa zamu.

Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara, chenye protini na nguvu, kwani tumbo lililojaa hubana kiwambo cha kifua, na mgonjwa anayekonda hupoteza misuli ya kupumulia. Atembee kila siku, akipumzika anapohitaji. Kukosa pumzi kidogo wakati wa mazoezi hakumdhuru. Kukaa tu ndiko kunakomdhoofisha. Chanjo za mafua na za nimokoko zitolewe zinapopatikana.

Nani anahitaji oksijeni nyumbani?

Ni yule ambaye, akiwa ametulia na hajazidiwa, kiwango chake kinabaki asilimia 88 au chini. Tafiti mbili, ya Amerika Kaskazini ya mwaka 1980 na ya Uingereza ya 1981, zilionesha kuwa huongeza maisha ikiwa itatumika angalau saa 15 kwa siku. Anayevuta dakika chache anapojisikia vibaya hapati faida hiyo. Kabla ya kuiagiza, uliza kuhusu umeme unaokatika, gharama ya silinda, na moto: pasiwe na sigara, mshumaa wala jiko karibu na mrija.

Niseme nini ninapokabidhi zamu?

Taja lengo lake la oksijeni na lita anazopokea sasa. Taja kasi ya pumzi, anavyozungumza, na kama yuko macho kuliko au pungufu ya alivyokuwa saa chache zilizopita. Sema ni lini alipata nebulaiza ya mwisho na jinsi alivyoitikia. Eleza makohozi ya leo yana rangi gani. Taja kama amekula, na kama amelala. Sema pia hali yake ya kawaida nyumbani ni ipi, kwa sababu muuguzi anayepokea hawezi kujua kama asilimia 89 ni nafuu au ni hatari bila kuambiwa mgonjwa huyu huishi na ngapi.